Plagi ya Gokati: Usinunue Sifa, Nunua Inayofaa Injini

UKIFIKA Dagoretti Corner, pale Naivasha Road inapokutana na Ngong Road, hukosi maduka ya vipuri wala mafundi. Kijana anayeunda gokati, yaani kile kigari kidogo cha mashindano kinachokaribia kukwaruza lami, atapata plagi hapo bila taabu. Lakini je, msomaji, unajua ni plagi gani utakayoitisha?

Wengi huitisha "plagi ya mashindano" wakidhani itaongeza kasi. Hapana. Plagi haitengenezi nguvu. Ina kazi mbili: kutoa cheche inayowasha petroli, na kupitisha joto kutoka ndani ya silinda. Kazi hii ya pili ndiyo husahauliwa, nayo ndiyo huharibu injini.

Ncha ya plagi inafaa kufika nyuzi 450 hivi za Selsiasi ili iunguze masizi yanayoigandia. Ikipita 850 hivi, petroli huweza kuwaka kabla ya cheche, na pistoni ikatoboka.

Kwa hivyo kuna plagi "baridi", ambazo hupoteza joto haraka, na plagi "moto", ambazo hulihifadhi. Injini ndogo ya mashindano inayozunguka kwa kasi mno huhitaji plagi baridi. Injini ya kawaida ikitiwa plagi hiyo hushika masizi, hukohoa, kisha huzima.

Chukua mfano wa Honda GX200, injini inayoendesha pampu za maji na pia gokati nyingi za kukodisha. Watengenezaji wake wanaagiza NGK BPR6ES au Denso W20EPR-U, yenye pengo la milimita 0.7 hadi 0.8. Kwa upande mwingine, injini za mashindano zinazochanganya petroli na oili mara nyingi hutumia NGK za namba 9 au 10.

Jihadhari na namba hizo. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi huwa baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume: namba ikipanda plagi huwa moto zaidi. Usilinganishe namba za kampuni mbili bila jedwali.

Tazama pia urefu wa hesi. Plagi ndefu kupita kiasi hugongwa na pistoni. Fupi kupita kiasi huficha cheche. Ifunge kwa vidole kwanza mpaka ikae, kisha plagi mpya yenye washa izungushe nusu mzunguko tu kwa spana.

Baada ya mizunguko kadhaa uwanjani, zima injini, iache ipoe, ufungue plagi uitazame. Rangi ya chai ya maziwa ni njema. Nyeusi yenye masizi ina maana petroli ni nyingi au plagi ni baridi mno. Nyeupe yenye malengelenge ni hatari: injini inachemka. Rekebisha kabureta kwanza, kisha ubadilishe plagi namba moja tu kwa wakati.

Kumbuka kwamba Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, hivyo kabureta iliyopangwa kwa pwani itamwaga petroli kupita kiasi hapa, na plagi itakuwa nyeusi. Nawe ukiteremsha hadi Mombasa gokati iliyopangwa Nairobi, hewa nzito itapunguza uwiano wa petroli na injini itachemka. Huko ndiko pistoni hutobokea.

Mzazi, kabla ya kumpa kijana wako pesa za plagi, mwambie akuletee kitabu cha injini na ile plagi kuukuu. Akiweza kukueleza rangi yake na namba yake, mpe. Asipoweza, aketi asome kwanza, kwa maana bei ya plagi ni ndogo mno kuliko ya pistoni.