Chanjo ya UVIKO-19 na moyo kwenda mbio: jawabu kwa wazazi wenye vijana Dar es Salaam

Wazazi wa Unguja na Pemba wametuuliza: kijana yuko Temeke au Kinondoni kwa kazi au masomo, amechanjwa UVIKO-19, kisha anapiga simu kusema moyo unamwenda mbio. Je, ni chanjo? Na aliyemshauri kuchanjwa ana dhambi?

Tuanze na lililothibiti. Mwaka 2021 madaktari wa Israel na Marekani waliona baadhi ya waliochanjwa Pfizer au Moderna wakivimba msuli wa moyo. Msuli ukivimba, mapigo huweza kuvurugika, moyo ukaenda mbio au ukaruka pigo. Wengi wao walikuwa vijana wa kiume, baada ya dozi ya pili, ndani ya wiki moja. Ni nadra, na wengi walipona. Lakini limetokea, na anayelikanusha hawasaidii Waislamu. UVIKO-19 wenyewe pia huvimbisha moyo, tena mara nyingi zaidi.

Kwa hiyo mwulizeni kwanza: ulichanjwa chanjo gani? Rais Samia alipozindua uchanjaji Dar es Salaam tarehe 28 Julai 2021, iliyotumika ni Janssen ya dozi moja. Khofu kubwa ya Janssen ilikuwa damu kuganda, nayo nadra. Pfizer na Moderna zilikuja baadaye. Asikisie, atazame cheti chake.

Tena si kila moyo uendao mbio ni maradhi. Homa ya siku moja mbili baada ya sindano huuharakisha. Khofu nayo. Mtu kachanjwa asubuhi, usiku anatumiwa WhatsApp sauti ya asiyemjua ikimwambia atakufa; moyo utaacha vipi kudunda? Aya ya 6 ya Suratul Hujurat imetuamrisha kuzihakikisha khabari.

Ila akiwa na maumivu ya kifua, pumzi kumbana, kuzimia, au moyo kuruka hali amekaa tu, aende hospitali siku hiyo hiyo: Mwananyamala kwa walio Kinondoni, Temeke kwa walio huko. Ikihitajika atapelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Muhimbili. Ataje aina ya chanjo na tarehe, apimwe umeme wa moyo na damu. Asomewe ruqya, hakuna ubaya, lakini asomewe akiwa njiani. Na ikithibiti moyo umevimba, mpira auache miezi kadhaa, hata akijiona mzima, mpaka daktari amruhusu.

Ama aliyemshauri kwa nia njema, akitegemea kauli ya madaktari waaminifu na bila ya kuficha madhara aliyoyajua, hatuoni kuwa ana dhambi.

Aliyepatwa na tatizo hili asirudie chanjo ya aina hiyo bila ya idhini ya daktari wa moyo. Na akishikwa na kizunguzungu wakati wa sala, ataswali amekaa.