Waliobaki nyumbani wangebadilisha matokeo?

Umewahi kusikia mtu akisema, "Hata nisipoenda kupiga kura, matokeo yatakuwa yale yale"? Pengine wewe mwenyewe umewahi kusema hivyo. Hebu tupige hesabu.

Uchaguzi wa urais Kenya, Agosti 2022: William Ruto kura 7,176,141, Raila Odinga 6,942,930. Tofauti ni 233,211. Walioandikishwa walikuwa zaidi ya milioni 22.1, na takriban milioni 7.8 kati yao hawakupiga kura. Yaani waliobaki nyumbani walikuwa wengi kuliko waliomchagua mshindi!

Sasa, wangegeuza matokeo? Wingi wao peke yake hautoi jibu. Fikiria sufuria ya mchuzi. Ukiukoroga vizuri, kijiko kimoja kinatosha kukuonjesha chumvi ya sufuria nzima. Lakini chumvi ikiwa imezama chini, kijiko cha juu kitakudanganya.

Kama wasiopiga kura wangegawanyika sawa na waliopiga, Ruto angeshinda tu, tena kwa pengo kubwa zaidi. Lakini kama kati ya kila 100, 52 wangemchagua Raila na 48 Ruto, Raila angeziba pengo lote na kupita. Kumbe tofauti ndogo tu ingetosha.

Usikimbilie kulaumu eneo moja, lakini. Mombasa, ambako Raila aliongoza, zaidi ya nusu hawakujitokeza, wakati Bomet, ngome ya Ruto, karibu asilimia 80 walipiga kura. Hata hivyo, Mombasa Raila alipata kama kura 6 kwa kila 10. Wale 360,000 hivi waliokosekana wangekuja na kupiga vivyo hivyo, pengo lingepungua kwa kura zisizozidi 75,000. Bado haitoshi.

Je, wasiopiga kura huwa tofauti kweli? Australia inatusaidia. Majimbo yake yalianza kulazimisha watu kupiga kura kwa nyakati tofauti, Queensland ikitangulia mwaka 1915. Mtafiti Anthony Fowler alipoyalinganisha, aliona sheria hiyo ilikiongezea chama cha Labor pointi 7 hadi 10 za asilimia. Waliokuwa wakibaki nyumbani walielemea upande mmoja.

Kwa hiyo siku nyingine ukitangaziwa idadi ya waliojitokeza, usiishie kuuliza wangapi hawakuja. Uliza ni akina nani.