Simu ya Mkononi Wakati wa Maafa: Kutoka Uwanda wa Ufipa hadi Bonde la Rukwa

Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa takriban 7.4 liliitikisa Rukwa, nalo ni miongoni mwa makubwa yaliyopata kupimwa barani Afrika. Tungali juu ya Bonde la Ufa lile lile, ila habari sasa zina mbio: ardhi ikitikisika kidogo tu, makundi ya WhatsApp hujaa kabla watu hawajamaliza kutoka nje.

Mbio hizo zaweza kuokoa maisha. Mwanzoni mwa mwaka 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya, wataalamu wa nchi hiyo waliunda mfumo wakauita Ushahidi: raia alituma taarifa kwa simu au intaneti, ikaonekana kwenye ramani. Tetemeko lilipoipiga Haiti Januari 2010, mfumo huo ulitumika huko. Waathirika walituma ujumbe kwa namba 4636, Wahaiti walioko ughaibuni wakautafsiri, na watu wa kujitolea wakatafuta ulikotoka. Kazi hiyo ya mwisho ilikuwa ngumu, kwa maana ombi lisilotaja mahali halimfikishi mwokoaji popote.

Kwa Rukwa, hofu yangu kubwa si tetemeko bali kipindupindu, ambacho kimewahi kuwatesa watu wa bonde la Ziwa Rukwa, chini ya Lyamba lya Mfipa. Mgonjwa aliyezidiwa aweza kufa ndani ya saa chache kwa kupungukiwa maji mwilini. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayeandika tu kwamba "hali ni mbaya huku" hajamsaidia mtu. Ataje kijiji na kitongoji, saa, idadi ya wanaoharisha majimaji, umri wao, na maji wanayokunywa. Kwa maneno hayo machache, mganga mkuu wa wilaya anajua apeleke dripu na klorini kiasi gani, na wapi. Majina na picha za wagonjwa visiwekwe kundini kamwe.

Uvumi nao hupita njia hiyo hiyo. Nchini Msumbiji, ambako kwa Kireno klorini ni "cloro" na kipindupindu ni "cólera", watu waliamini kwamba dawa ya maji ndiyo inayoleta ugonjwa, na watumishi wa afya wameshambuliwa, wengine wakauawa. Sisi tunaoishi katika mji ambao jina lake hufasiriwa kuwa "tupa uchawi" tusijidhanie kuwa tumesalimika. Uvumi haukomi kwa kejeli. Mimi hupendelea ujumbe wa sauti kwa Kifipa, kutoka kwa mhudumu ambaye kijiji kinamfahamu, kwani wazee wengi husikiliza kuliko kusoma. Nawe msomaji, ukipokea habari ya kutisha isiyo na tarehe wala chanzo, usiisambaze. Piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya.

Umeme ukikatika simu huzimika, hivyo redio na mwenyekiti wa kitongoji bado wanahitajika. Kuna ujumbe mmoja, hata hivyo, wa kuhifadhi simuni na kuandika ukutani tangu leo: maji safi na salama lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko cha chai. Mgonjwa anyweshwe kidogo kidogo, njiani pia, hadi afike kituoni.