Sekunde 56 za José Batista

Waamuzi wengi huiogopa kadi nyekundu ya mapema. Mechi bado mbichi, tunasema, refa amwonye kwanza, asituharibie mchezo. Mabeki wakorofi wanaijua huruma hiyo, na ndiyo maana rafu mbaya kuliko zote mara nyingi huchezwa kabla watazamaji hawajakaa vizuri.

Juni 13, 1986, katika mji wa Nezahualcóyotl nchini Mexico, mwamuzi Joël Quiniou wa Ufaransa hakuwa na huruma hiyo. Uruguay na Scotland hazijamaliza hata dakika moja ya mechi yao ya Kombe la Dunia, beki José Batista akamvaa Gordon Strachan kwa nyuma na kumwangusha. Quiniou akamlima nyekundu moja kwa moja. Zilikuwa zimepita sekunde 56, na mpaka leo hakuna aliyetolewa haraka kuliko Batista katika fainali hizo.

Aliyechezewa rafu hakuwa mchezaji wa kujazia namba. Strachan ndiye aliyeifungia Scotland bao lake dhidi ya Ujerumani Magharibi, na kikosi cha Alex Ferguson kilihitaji ushindi ili kuvuka kundi. Uruguay sare iliwatosha. Kwa hesabu hizo, kumtia hofu Strachan tangu mwanzo kulikuwa na faida kubwa, na siamini kwamba rafu ile ilikuwa bahati mbaya.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niirudie mechi hii. Siku 5 kabla, Uruguay walikuwa wamecheza pungufu dhidi ya Denmark baada ya Miguel Bossio kutolewa dakika ya 19, wakafungwa mabao 6-1. Safari hii walibaki 10 kwa dakika 89 na hawakufungwa hata moja. Walirudi nyuma wote, wakachelewesha kila mpira wa kurusha, wakaendelea kuwapiga Waskoti miguu. Matokeo yakawa 0-0. Uruguay wakaingia 16 bora, Scotland wakafungasha mizigo.

Ilikuwa mechi ya kuudhi, na nyekundu ya mapema ilibebeshwa lawama. Mimi namtetea Quiniou. Kilichouharibu mchezo ni daluga za Uruguay, na zingeuharibu hata Batista angebaki uwanjani. Sheria haina punguzo la dakika ya kwanza. Mamlaka ya mwamuzi huanza pale anapokagua uwanja: mchezaji aliyeorodheshwa akitolewa kabla ya mpira kuanza, nafasi yake huchukuliwa na mmoja wa wachezaji wa akiba. Kipyenga kikishalia, timu hucheza pungufu hadi mwisho, iwe ni sekunde ya 2 au dakika ya 80.

Hata wakongwe hujisahau. Machi 22, 2015, Steven Gerrard wa Liverpool aliingia Anfield kipindi cha pili dhidi ya Manchester United, timu yake ikiwa nyuma kwa bao moja. Sekunde 38 baadaye alikuwa amemkanyaga Ander Herrera, na Martin Atkinson akamtoa nje. United walishinda 2-1. Gerrard hakumsingizia refa: alijitokeza mbele ya kamera akawaomba radhi wenzake, kocha na mashabiki, akakiri kwamba kadi ile ilikuwa halali. Akatumikia adhabu ya mechi 3, katika msimu wake wa mwisho Liverpool.