Cheo cha Kuazima

Tarehe 16 Oktoba, 1906, fundi viatu mmoja wa Ujerumani, jina lake Wilhelm Voigt, alivaa magwanda ya kapteni wa jeshi aliyoyanunua kipande kipande katika maduka ya nguo kuukuu. Aliwasimamisha njiani askari waliokuwa wakitoka zamu, akawaamrisha wamfuate. Nao wakamfuata hadi mji mdogo wa Köpenick, jirani na Berlin. Huko alimtia mbaroni Meya katika jumba la baraza la mji, kisha akaondoka na fedha za hazina zinazopita Maki 3,500, akiacha stakabadhi yenye saini ya uongo.

Alikamatwa baada ya siku kumi, akahukumiwa kifungo cha miaka minne. Kaisari alimsamehe mwaka 1908. Ulimwengu ulicheka, lakini sisi tunaona kuwa kisa hicho kina funzo zito. Nguvu yote ya mtu yule ilikuwa katika mavazi, na katika mazoea ya watu ya kuyatii mavazi.

Kujifanya mtumishi wa umma ni kosa la jinai. Kwa mfano, Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara, kifungu cha 100, humtia hatiani anayejidai kwa uongo kuwa mtumishi wa umma, kisha akatenda au akafika mahali ili atende jambo kwa cheo hicho. Si lazima awe amekwisha pokea hata senti moja.

Na hapa Visiwani hatuhitaji magwanda ya kapteni. Hutosha shati lililopigwa pasi, mkoba kwapani na sauti ya ukali. Bwana huyo huingia kijijini, akasema ametumwa na wakubwa, akamtoza mvuvi "ada" ya chombo chake au akamtisha mkulima kwa habari ya shamba lake. Mnyonge hulipa, akashukuru kwamba mambo yamekwisha.

Fedha hizo ni hasara, lakini iko hasara kubwa zaidi. Kesho atakapofika bwana shamba wa kweli, au muuguzi wa chanjo, atakuta milango imefungwa. Tapeli huwa ameiba imani ya wananchi kwa Serikali yao, na mali hiyo hairudishwi kwa hukumu ya mahakama.

Kwa hiyo tunawageukia kwanza watumishi wenyewe. Ofisa anayefoka anapoulizwa, "Bwana, umetoka ofisi gani?" humfunza mwananchi kunyamaza, na ukimya huo ndio mlango wa matapeli. Vivyo hivyo yule anayepokea malipo bila ya kutoa stakabadhi. Mtumishi mwadilifu hutoa kitambulisho chake kabla hajaombwa, tena kwa uso mkunjufu.

Nanyi ndugu wananchi, msione haya. Takeni kitambulisho, takeni stakabadhi, mwulizeni Sheha iwapo ana habari za mgeni huyo, na mkitia shaka, pelekeni taarifa Polisi. Kufanya hivyo si utovu wa adabu, bali ni kuilinda Serikali yenu.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Lakini haitamwanguka mwenye kuivaa iwapo sote tutainamisha macho. Kuuliza si ujinga.