Saa ya Zamani Isitupwe: Maelezo kwa Wanaotaka Kujifunza Kuitengeneza

Katika nyumba nyingi za washarika wetu kuna saa ya mkono iliyosimama. Imo ndani ya sanduku, kwenye droo ya kabati, au imefungwa kwenye leso pamoja na vyeti. Haitupwi kwa sababu ilikuwa ya baba au babu. Haipelekwi popote kwa sababu fundi saa aliyejulikana mtaani amezeeka au ameacha kazi. Katika toleo hili tunapenda kueleza jinsi mtu wa kawaida anavyoweza kujifunza kuifungua, kuisafisha na kuiwezesha saa ya namna hiyo itembee tena, kama shughuli ya mapumziko baada ya kazi.

Tuseme jambo moja mapema. Sisi waratibu wa miradi tumezoea kuulizwa, "Hii italeta kipato kiasi gani?" Jibu letu safari hii ni kwamba usiitegemee kwa kipato. Saa ya bei nafuu inaweza kukuchukua jioni nne, na ukiiuza hutapata malipo ya jioni hizo. Tunaiandikia kwa sababu nyingine: inaokoa kitu kizima kisiwe takataka, inafundisha utulivu wa mikono na macho, na inahifadhi ujuzi ambao wazee wetu wanaondoka nao.

SAA YA KAMANI INAFANYAJE KAZI?

Saa ya mitambo haina betri. Nguvu yake inatoka kwenye kamani, yaani utepe wa chuma uliozungushwa ndani ya pipa dogo. Ukitia ufunguo unaikaza kamani hiyo. Saa nyingine hujijaza zenyewe: zina chuma kizito chenye umbo la nusu mwezi ambacho huzunguka kila mkono unapotembea.

Kamani ikiachiwa tu ingefunguka yote kwa sekunde chache. Kwa hiyo nguvu yake hupitishwa kwenye magurudumu ya meno, na mwisho wa njia kuna mlinzi wa vipande viwili. Cha kwanza ni uma mdogo unaoruhusu jino moja tu lipite kwa wakati. Cha pili ni gurudumu linaloyumba kwenda na kurudi, ambalo hapa tutaliita balansi. Linarudishwa na kamani nyembamba kama unywele. Mholanzi Christiaan Huygens ndiye aliyeitangaza saa ya balansi yenye kamani hiyo ya mzunguko mwaka 1675, na msingi wake ndio uleule hadi leo.

Mlio wa "tik-tik" ni uma ukigongwa. Saa nyingi za zamani za kutia ufunguo hugonga mara 5 kwa sekunde, yaani mara 18,000 kwa saa na mara 432,000 kwa siku. Kwa sababu ya msuguano huo, ncha za magurudumu hukaa ndani ya vijiwe vigumu. Namba 17 au 21 iliyoandikwa kwenye uso wa saa ndiyo idadi ya vijiwe hivyo. Ni rubi zinazotengenezwa kiwandani na hazina bei ya kuuzia. Tunalisema hili kwa sababu bado wapo wanaodanganywa kwamba saa yenye vito vingi ni mali ya utajiri.

KWA NINI ZIMEPUNGUA?

Tarehe 25 Desemba 1969, kampuni ya Seiko ilianza kuuza mjini Tokyo saa ya mkono ya betri iitwayo Astron. Mwanzoni ilikuwa ghali mno, lakini bei ilishuka haraka miaka iliyofuata. Saa ya betri ilikuwa sahihi zaidi na haikuhitaji kusafishwa kila baada ya miaka michache. Viwanda vingi vya saa za kamani vilifungwa. Kampuni ya serikali ya India, HMT, iliyoanza kutengeneza saa mwaka 1961 kwa ushirikiano na Citizen ya Japani, nayo biashara yake ya saa ilifungwa mwaka 2016. Kisha ikaja simu ya mkononi, na kijana wa leo akiulizwa saa hutazama mfukoni. Pamoja na hayo, mamilioni ya saa hizo bado zipo, na nyingi hazijavunjika bali zimekauka mafuta tu.

UANZE NA SAA IPI?

Kwa anayeanza, tunashauri Seiko 5 ya zamani. Jina hilo lilianza mwaka 1963, na namba 5 ilimaanisha sifa tano: kujijaza yenyewe, kuonyesha siku na tarehe katika dirisha moja, kuzuia maji, kitufe cha pembeni kilichojificha kwenye alama ya 4, na kasha na mkanda imara. Nyuma ya kifuniko kuna namba. Tarakimu nne za mwanzo, kwa mfano 7009 au 7S26, ni aina ya mashine. Ukiifahamu aina ya mashine, unaweza kupata vipuri kutoka kwenye saa nyingine mbovu ya aina hiyohiyo.

Ni vema kununua saa mbili zinazofanana: moja ya kutengeneza na nyingine ya kutoa vipuri. Jihadhari na saa ya "zamani" ambayo uso wake unang'aa kama mpya na rangi zake hazijawahi kutoka kiwandani. Mara nyingi imepakwa rangi upya ili iuzike, na mashine iliyo ndani haijaguswa.

Na hili tunalisisitiza: usianze na saa ya marehemu baba. Anza na saa ambayo ikiharibika hakuna atakayelia.

VIFAA VINAVYOHITAJIKA

Bisibisi ndogo za saa zenye ncha zilizonolewa vizuri. Kibano chenye ncha nyembamba. Kioo cha kukuzia kinachokaa jichoni. Kifaa cha kufungulia kifuniko cha nyuma. Kipulizio cha mpira cha kuondolea vumbi. Mafuta maalumu ya saa, mepesi na mazito. Na petroli safi inayouzwa kwa ajili ya viberiti vya kujaza. Ongeza kitambaa cheupe cha kutandika mezani na vifuniko vya chupa za soda vya kuwekea skrubu. Usipulize vumbi kwa mdomo, kwani pumzi ina unyevu na unyevu huleta kutu.

HATUA ZA KUFUATA

1. Chunguza kabla ya kufungua. Je, imesimama kabisa, au inatembea kidogo na kusimama? Ikiwa inakimbia dakika nyingi kwa siku, huenda imeshikwa na sumaku ya spika au redio na haihitaji kufunguliwa yote.

2. Fungua kifuniko na upige picha kila hatua. Hapa simu, iliyochukua nafasi ya saa, inakuwa msaada wake. Panga skrubu kwa mpangilio zilivyotoka.

3. Itoe mashine kwenye kasha, kisha ondoa mishale na uso wa saa kwa uangalifu. Uso ukikwaruzwa haurudi.

4. Legeza kamani kabla ya kuondoa uma. Kuna kizuizi kidogo kinachoishika. Kisogeze huku ukizuia nguvu itoke polepole. Ukiondoa uma kamani ikiwa imekaza, magurudumu yatazunguka kwa kasi na ncha zake zinaweza kukatika.

5. Toa balansi, kisha uma, kisha magurudumu. Vipande vyenye springi vitoe mikono yako ikiwa ndani ya mfuko mwangavu wa plastiki, ili kikiruka kibaki humo.

6. Osha kwa petroli hiyo na brashi laini. Uma na balansi usivitumbukize kwenye spiriti, kwa sababu vijiwe vyake hugandishwa kwa gundi ambayo spiriti huiyeyusha. Matundu ya vijiwe yasafishe kwa kijiti cha mti laini kilichochongwa.

7. Rudisha magurudumu na ulisukume pipa kidogo sana. Yote yazunguke bila kukwama. Yakikwama, usikaze skrubu kwa nguvu; kuna ncha ambayo haijaingia kwenye tundu lake.

8. Tia mafuta kwa ncha ya sindano, tone dogo kuliko punje ya mtama. Mafuta mepesi kwenye ncha za magurudumu yaendayo kasi, mazito kwenye yale ya polepole. Meno ya magurudumu hayatiwi mafuta. Mafuta ya cherehani na ya nazi yasitumike kabisa. Hutambaa, hukusanya vumbi na kugeuka ulimbo.

9. Rudisha uma, kaza kamani kidogo, kisha weka balansi. Ikianza kuyumba yenyewe, umefaulu. Zipo programu za simu zinazosikiliza mlio na kukuonyesha inakosea kiasi gani. Usidai makubwa mno. Saa kuukuu inayokosea sekunde 30 kwa siku imekosea chini ya asilimia 0.04 ya sekunde 86,400 za siku nzima.

TAHADHARI

Petroli hushika moto kwa mvuke wake. Fanya kazi mahali penye hewa, mbali na jiko, mshumaa au koroboi.

Hatari nyingine haionekani. Saa nyingi zilizong'aa gizani zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1960 kwisha zilipakwa rangi yenye radiamu. Katika miaka ya 1910 na 1920, wasichana waliofanya kazi ya kupaka rangi hiyo katika viwanda vya Marekani walielekezwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo yao. Wengi waliugua mifupa na baadhi walikufa. Rangi hiyo huacha kung'aa baada ya miaka michache, lakini radiamu hupungua nusu tu baada ya miaka 1,600 hivi. Kwa hiyo saa ya zamani yenye rangi ya kahawia inayobanduka kwenye namba na mishale usiifungue, usiikwangue, na usiwaachie watoto kuichezea.

SAA YA MTU MWINGINE

Ukishajulikana mtaani utaletewa saa za watu. Hapo shughuli inabadilika, kwa sababu unashika kumbukumbu ya mwenzako.

Mama mmoja mjane alikiletea kikundi chetu saa ya marehemu mumewe. Mtu fulani alikuwa ameimiminia mafuta ya cherehani, na tulipoifungua mbele yake tukaona ncha ya balansi imekwisha kukatika. Kipuri hicho hatukukipata. Tungeweza kuweka mashine nzima ya saa nyingine ya aina ileile, na kwa nje asingejua tofauti. Tulimweleza yote. Akauliza, "Sasa wanangu, nikiweka hiyo nyingine, itakuwa bado ni saa ya baba watoto?" Tulimjibu kwamba swali hilo fundi hawezi kumjibia. Alikaa nalo majuma mawili, kisha akasema tubadilishe, kwa kuwa kijana wake ameanza kazi na angependa aivae. Uso wenye madoa tuliuacha kama ulivyo kwa ombi lake. Mashine ya zamani tulimrudishia ndani ya kichupa, na yeye ndiye anayeitunza.

Kutokana na hali kama hizo tumejiwekea kanuni tatu. Kwanza, mwenye saa aambiwe ukweli kabla ya kazi, hata kama ukweli ni kwamba haitapona. Pili, hakuna kipande kinachobadilishwa bila idhini yake, na kilichotolewa arudishiwe. Tatu, hatupaki rangi uso wala kung'arisha kasha bila kuombwa. Mikwaruzo mingine ndiyo inayomfanya mtu aitambue saa yake. Kwetu sisi huo nao ni uwakili.

KUITUNZA BAADA YA KUTENGENEZA

Saa ya kutia ufunguo ikazwe kila siku wakati uleule, na ukisikia imegoma usiendelee. Seiko 5 nyingi za zamani hazikazwi kwa kitufe. Itikise taratibu, kisha uivae. Hata kama nyuma kumeandikwa kuwa inazuia maji, mpira wa ndani umekwisha kuwa mgumu, hivyo usioge wala kufua ukiwa umeivaa.

Usibadilishe tarehe kwa kitufe kati ya saa 3 usiku na saa 10 alfajiri, yaani mshale mfupi ukiwa umetoka kwenye namba 9 kuelekea 4. Wakati huo meno ya tarehe yanakuwa yameshikana, na ukilazimisha yanavunjika. Sogeza mishale kwanza hadi mchana, ndipo ubadilishe.

HITIMISHO

Kama katika mji wako bado yupo fundi saa mwenye kibanda, nenda kwake kwanza. Mwombe ukae pembeni yake jioni mbili tatu, na umlipe kwa muda wake. Usichukue wateja wake kwa kuwafanyia bure. Yeye anakula kwa kazi hiyo, wewe unapumzika kwayo. Ukiweza, nenda na kijana mmoja wa usharika wako. Maelezo haya yatakusaidia kujua kila kipande kinakaa wapi, lakini kiasi gani cha nguvu kinatosha kukaza skrubu ndogo kuliko punje ya ufuta, hilo hatuwezi kukuandikia. Lipo kwenye vidole vya mzee yule, na ni vema likafundishwa angali anaona.