Fahari ya Mkimbiaji wa Nyuma

Wakimbiaji wa masafa marefu hawapimi kasi kwa kilomita kwa saa kama wafanyavyo madereva, bali kwa dakika ambazo mtu hutumia kumaliza kilomita moja, na kwa kipimo hicho bingwa na mgeni wa mchezo huhesabiwa kwa namba za aina moja. Kelvin Kiptum wa Kenya, aliposhinda marathoni ya Chicago mwaka 2023 kwa saa 2, sekunde 35, alitumia takriban dakika 2 na sekunde 51 kwa kila kilomita, tena kwa kilomita 42 na ushee mfululizo. Mtu mzima ambaye hajafanya mazoezi tangu alipomaliza shule, akianza kukimbia leo, kwa kawaida huhitaji dakika 8 hadi 10 kwa kilomita hiyo hiyo, na si ajabu akalazimika kutembea katikati ili apate pumzi. Swali ni iwapo huyu wa pili ana haki ya kujivunia mwendo wake, au fahari yake ni faraja tu wanayopeana walioachwa nyuma.

Afrika Mashariki swali hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu hapa kukimbia kuna sura ya mabingwa. Filbert Bayi wa Tanzania aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, Joshua Cheptegei wa Uganda akavunja rekodi za mita 5,000 na mita 10,000 mwaka 2020, na Alphonce Simbu wa Tanzania akatwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo mwaka 2025. Ukiwaongeza Wakenya, orodha haiishi. Matokeo yake ni kwamba watu wengi huona mbio kuwa kazi ya wachache waliojaliwa, huku wengine wote wakibaki watazamaji, na mama wa makamo anayekimbia barabarani alfajiri huulizwa na wapita njia anakimbizwa na nani. Jambo linalosahaulika ni kwamba Watanzania waliosoma shule za msingi wanayo kumbukumbu ya mbio za namna nyingine kabisa, yaani mchakamchaka, ambapo kundi zima lilikwenda kwa hatua moja na wimbo mmoja bila saa ya kupimia wala mshindi.

Katika saikolojia, fahari si kitu kimoja. Jessica Tracy na Richard Robins, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2007, walitenganisha aina mbili za hisia hiyo: ya kwanza humjia mtu anapoyahusisha mafanikio yake na juhudi aliyoifanya, jambo ambalo limo mikononi mwake na analoweza kulirudia kesho, na ya pili hutokana na imani kwamba amefaulu kwa sababu ya jinsi alivyoumbwa, kwa kipaji au ubora wa kuzaliwa, na hii ndiyo inayokaribiana na majivuno. Ukiupokea mgawanyo huo, mkimbiaji wa polepole anayeanza yumo katika nafasi salama kuliko wengi, kwa kuwa hana kipaji cha kukisingizia. Kila mita aliyokwenda ameilipia kwa jasho, na akijivunia, anajivunia kazi. Albert Bandura naye, katika nadharia yake ya mwaka 1977 kuhusu imani ya mtu juu ya uwezo wake mwenyewe, alieleza kwamba chanzo chenye nguvu kuliko vyote cha imani hiyo ni kuwa mtu amekwisha kulifanya jambo lenyewe, si kusifiwa wala kuhimizwa. Kwa hiyo aliyeshindwa kukimbia dakika mbili mwezi uliopita, na sasa anakimbia dakika kumi bila kusimama, ana ushahidi ambao hakuna pongezi inayoweza kuuzidi.

Hata hivyo hoja ya saikolojia peke yake ingeacha shaka kwamba polepole ni udhaifu unaovumiliwa. Fiziolojia, yaani elimu ya utendaji kazi wa mwili, inasema kinyume: kwa anayeanza, polepole ndiyo njia sahihi ya kufanya mazoezi. Misuli hupata nguvu kwa njia mbili kuu, ya kwanza ikitumia oksijeni kuunguza mafuta na sukari taratibu, na ya pili ikivunja sukari kwa haraka bila kusubiri oksijeni ya kutosha. Njia ya kwanza inaweza kuendelea kwa saa nyingi, ilhali ya pili huchosha upesi na kumfanya mtu ahemehe, ahisi miguu inawaka na asimame. Anayekimbia kwa mwendo ambao bado anaweza kuzungumza sentensi nzima na mwenzake, kipimo rahisi kinachotumiwa na makocha na madaktari vilevile, kwa kiasi kikubwa yumo katika njia ya kwanza, na humo ndimo mwili unamojijenga kwa uvumilivu. Moyo hujifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, mishipa midogo kabisa ya damu inayoitwa kapilari huongezeka kuzunguka nyuzi za misuli, na mitokondria, yaani vijisehemu vya ndani ya seli vinavyotengeneza nguvu, huzidi kwa idadi na ukubwa.

Kuna sababu nyingine isiyosemwa sana, nayo ni kwamba sehemu za mwili haziendi sambamba katika kuzoea kazi mpya. Moyo na mapafu huonyesha mabadiliko baada ya wiki chache, lakini mifupa na kano, zile kamba ngumu zinazounganisha misuli na mifupa, huhitaji miezi, kwa kuwa damu inayozifikia kano ni kidogo na ujenzi wake ni wa taratibu. Hapo ndipo wanapoumia vijana wengi wenye shauku: baada ya mwezi mmoja pumzi inawaruhusu kwenda kasi, wanakwenda, na muda si mrefu wanapata maumivu ya muundi au ya kisigino yanayowarudisha kitini. Mkimbiaji wa polepole hukosa sifa za siku hiyo ila hubaki barabarani mwezi unaofuata, na kwa mtu anayeanza hakuna tija kubwa kuliko hiyo.

Hali ya hewa nayo ina sehemu yake. Mwili unaokimbia hutoa joto jingi, na ili upoe hupeleka damu kwenye ngozi na kutoa jasho. Lakini katika miji ya pwani kama Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, ambako hewa imejaa unyevu, jasho hutiririka bila kukauka, na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Damu inayohitajika na misuli inagawanywa na ngozi, mapigo ya moyo hupanda, na mwendo hushuka hata kwa mtu aliyezoea. Anayelinganisha kilomita zake za pwani na zile za mtu aliyekimbia asubuhi ya baridi mjini Berlin, kwa kuwa tu zote zimeonekana kwenye programu ileile ya simu, anajidhulumu bure.

Linalowashangaza wengi ni kwamba mabingwa wenyewe hutumia sehemu kubwa ya mazoezi yao wakienda taratibu. Uchunguzi wa wanariadha wa kiwango cha juu katika michezo ya masafa marefu, uliofanywa na mtafiti Stephen Seiler na wenzake, umeonyesha kwamba takriban asilimia 80 ya mazoezi yao hufanywa kwa juhudi ndogo, na sehemu iliyobaki tu ndiyo ya kasi kali. Katika mji wa Iten, kwenye nyanda za juu za Bonde la Ufa nchini Kenya, takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, makundi ya wanariadha siku za mazoezi mepesi huanza kwa mwendo ambao mgeni mwenye afya anaweza kuufuata kwa muda huku wakipiga soga. Bila shaka polepole ya bingwa ingali kasi kwa mtu wa kawaida, lakini kanuni ni ileile, na anayeona aibu kwenda taratibu anaona aibu kwa jambo ambalo walio bora hulifanya kwa makusudi.

Wazo hili lina historia. Arthur Lydiard, kocha wa New Zealand ambaye wanafunzi wake Peter Snell na Murray Halberg walitwaa medali za dhahabu siku moja katika Olimpiki ya Roma ya mwaka 1960, aliamini kwamba msingi wa mbio zote ni masafa mengi yasiyoukamua mwili, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 mjini Auckland akaihamishia imani hiyo kwa watu wa makamo, wakiwemo wenye ugonjwa wa moyo, katika wakati ambapo wagonjwa wa aina hiyo walizoea kuambiwa wapumzike. Bill Bowerman, kocha wa Chuo Kikuu cha Oregon nchini Marekani, alimtembelea mwaka 1962, na katika mbio za pamoja akaachwa nyuma na mzee wa zaidi ya miaka 70 aliyewahi kupatwa na mshtuko wa moyo. Alirudi kwao akaanzisha mazoezi ya namna hiyo kwa wananchi wa kawaida, na mwaka 1967 akatoa kitabu kilichosambaza desturi hiyo Marekani nzima. Hata hivyo mbio za mashindano zilichukua muda kufungua milango: marathoni ya kwanza ya New York, mwaka 1970, ilianza na watu 127 na kumalizwa na 55, wakati siku hizi wanaoimaliza huzidi 50,000, na wengi wao hawana ndoto yoyote ya kushinda.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki mfano ulio karibu zaidi ni wa marathoni ya London, Aprili 2014. Wakenya wawili walishinda mbio hizo, Wilson Kipsang kwa upande wa wanaume akitumia saa 2, dakika 4 na sekunde 29, na Edna Kiplagat kwa upande wa wanawake. Mkenya wa tatu aliyezungumziwa siku hiyo alifika karibu saa tano baada ya Kipsang. Huyo alikuwa Margaret Kenyatta, mke wa Rais wa Kenya wakati huo, aliyekimbia na kutembea kwa zaidi ya saa 7 ili kuitangaza kampeni yake ya Beyond Zero ya kupunguza vifo vya kina mama na watoto wachanga. Angeweza kupiga bastola ya kuanzishia mbio kisha akaketi kivulini, kama wafanyavyo wakubwa wengi. Kwamba mwanamke wa hadhi yake, kutoka nchi ambayo dunia nzima huitambua kwa kasi, alikubali kuonekana na kamera akiwa miongoni mwa walio nyuma, ni jambo lililofaa kusifiwa zaidi ya lilivyosifiwa.

Jina ambalo hutajwa zaidi katika mazungumzo haya ni la John Stephen Akhwari wa Tanzania, aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, akaendelea akiwa amefungwa bandeji, na kumaliza wa 57 kwa saa 3 na dakika 25, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Hadithi yake ni kubwa, lakini haifai kutumiwa ovyo. Akhwari hakuwa mwanagenzi wa polepole. Alikuwa mwanariadha wa kimataifa aliyeumia, na kumfanya mlezi wa kila anayekimbia kwa shida ni kumpunguzia hadhi yake. Anachokithibitisha ni jambo dogo na la hakika zaidi: walioanza mbio zile walikuwa 75, na wale 18 walioishia njiani hawana nafasi wala muda katika orodha ya matokeo, ilhali yeye anavyo vyote viwili.

Kuhusu afya, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la madaktari wa moyo wa Marekani, uliofuatilia watu wazima 55,137 kwa wastani wa miaka 15, ulionyesha kwamba waliokuwa na mazoea ya kukimbia walikuwa na hatari ndogo ya kufa kwa maradhi ya moyo kwa asilimia 45 ikilinganishwa na wasiokimbia, na kwamba nafuu kubwa ilionekana hata kwa waliokimbia dakika 5 hadi 10 kwa siku kwa mwendo wa taratibu. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba mbio pekee ndizo zilizowaokoa, maana wanaokimbia huenda wana mazoea mengine mema, lakini unatosha kuondoa dhana kwamba asiyekwenda kasi anapoteza muda wake.

Fahari hii ina mipaka yake. Mtu anayefanya upole wa mwendo kuwa bango la kujitangazia, akadharau wanaotafuta kasi kana kwamba wao ni watumwa wa saa, ameingia katika ile fahari ya pili. Aliyeanza kwa dakika 9 kwa kilomita, akaona baada ya miezi kadhaa anakwenda kwa 8 bila kujikamua, hana sababu ya kujizuia ili abaki katika kundi. Na mwenye shinikizo la damu, kisukari au historia ya ugonjwa wa moyo anapaswa kumwona daktari kabla ya kuanza, kwa kuwa hata mwendo mdogo ni mzigo kwa moyo usioandaliwa.

Wajibu uliobaki si wa wakimbiaji bali wa waandaaji. Comrades, mbio za Afrika Kusini za takriban kilomita 90 zilizoanza mwaka 1921, huwapa washiriki saa 12 na kuzihesabu hadi sekunde ya mwisho. Katika mbio za kila Jumamosi za parkrun, zilizoanzia London mwaka 2004, mtu wa kujitolea hupewa kazi ya kutembea nyuma ya wote ili pasiwe na mshiriki anayemaliza wa mwisho. Waandaaji wa mbio za miji ya Afrika Mashariki, ambao hupokea ada ileile kwa bingwa na kwa mgeni, waache meza za maji, walinzi wa barabara na saa ya mwisho wa mbio mahali pake mpaka muda waliouahidi utakapokwisha.